Popo na Nguo ya Jembe

Mwaka ule sabuni ilipopotea madukani, shangazi yangu Enesi alitaka kuniozesha kwa sabuni. Hakusema hivyo. Alisema Danford ni kijana mwenye maendeleo. Lakini kila alipotaja maendeleo alinusa viganja vyake, kwa sababu Danford alipofika kwetu Itaka mara ya kwanza alimpa kipande cha sabuni ya Zambia, cha bluu, na shangazi akakaa nacho siku nyingi akikinusa tu bila kukilowesha. Sisi wengine tulifua kwa majivu na majani ya mpapai, na jasho letu tulilijua.

Danford alikuwa mtu wa Tunduma. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa "mtu wa forodha". Baba, ambaye alikuwa na ndugu huko, alisema kazi ya Danford ni kulala chini ya malori ya watu wengine ili matairi yasiibiwe, na kwamba sabuni zake zilivuka kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, zikiwa ndani ya suruali. Suruali yenyewe ilikuwa bugaluu, pana chini kama gunia lililopasuliwa. Ingeweza kuvusha duka zima. Wazambia walikwisha kulichoka bugaluu zamani, wakamwachia Danford.

Baba alisema hayo mara moja, kwa sauti ndogo. Shangazi alimtazama, naye akanyamaza. Baba yangu, mzee Ambilikile, alikuwa hodari wa kunyamaza. Ukimnyamazia na wewe, mnaweza kuvuna shamba zima la kahawa bila neno, na wala hakuna aliyekasirika. Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu mama alipofariki, nikatolewa shule darasa la tano, nikashika jiko na shamba.

Kwetu mwanamume haulizi kwa mdomo. Mshenga wake huleta jembe jipya lililofungwa ndani ya nguo nene ya marekani, hulilaza kwenye kizingiti cha mlango, na msichana akitokea nje huliinua pamoja na nguo yake akaliingiza ndani. Hapo amekubali. Asipotaka, hulipita bila kuliinua. Mimi sijawahi kuona msichana akilipita. Siku ikifika huwa wameshamsema mpaka mikono yake inainua yenyewe.

"Utainama, utainua, utaingia," shangazi alinifundisha. "Hata mbuzi angeweza. Hakuna kusema."

"Ndiyo, shangazi."

"Na usiinue kama unaokota kuni. Inua kama mtu anayejua anachopata."

Nilichokuwa napata nilikijua. Sikumtaka Danford hata kidogo. Lakini kutokutaka kwangu kulikuwa ndani, na jembe lingekuwa nje, mbele ya macho ya watu. Nilikusudia kuinama, kuinua na kuingia.

Sasa popo. Nyumba yetu ilijengwa wakati wa Operesheni Vijiji, tulipoteremshwa kutoka mlimani tukapangwa mistari kando ya barabara. Ilijengwa kwa haraka, na paa la nyasi halikukutana vizuri na ukuta. Katika ule upenyo waliingia popo, wale wadogo ambao ukiwakunja mabawa hawazidi kidole gumba. Mchana walilala juu ya matete, jioni wakatoka mmoja mmoja kwenda kula mbu. Hawakumdai mtu chochote. Kati ya wote waliolala chini ya paa letu, pamoja na shangazi alipokuja kukaa, wao ndio waliokuwa na adabu zaidi.

Shangazi hakuwataka. "Watamnyea mgeni," alisema.

Jumamosi jioni aliwangoja watoke, kisha akapanda juu ya kinu, akaziba upenyo wote kwa tope alilolikanda mwenyewe. Alishuka akijipangusa, ameridhika kama mtu aliyewafungia wezi nje.

"Huenda wengine wamo bado, shangazi," nilisema.

"Basi wafe. Popo ni nini? Si ndege, si panya, hata Mungu alipomwumba alikuwa anawaza kitu kingine."

Jumapili wageni walifika baada ya ibada. Mbele alikuwa Jairo mshenga, mtu mwenye shingo nene aliyeozesha nusu ya wilaya, na ambaye wake zake mwenyewe walimkimbia mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake Danford, amevaa bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli kama tofali. Alitembea katika vumbi letu kama kuku anayevuka tope.

"Hodi wenye mji!" Jairo aliita. "Sisi ni wasafiri, tumepotea njia."

"Karibuni," shangazi alijibu. "Njia gani hiyo inayopotelea mlangoni kwangu kila nikipika kuku?"

Walicheka wote, kwa sababu ilikuwa lazima kucheka. Danford aliinama kuingia, akatazama paa.

"Mwebantu!" alisema. Neno hilo, yaani "enyi watu", aliliokota kwa madereva wa Kibemba, akalitumia kila mahali kama chumvi. "Kumbe hii ni nyumba? Nilidhani ni ghala la mahindi."

Akakaa kwenye kiti cha baba. Baba akakaa kwenye gunia. Katoni ya sabuni iliwekwa mezani, mfuniko umeachwa wazi makusudi ili harufu itoke ifanye posa yenyewe. Shangazi alikaa karibu nayo kuliko alivyokaa karibu na mtu yeyote.

Nilipoleta maji ya kunawa, Danford alinitazama kuanzia miguuni, akaishia kiunoni.

"Huyu anaongea?" aliuliza.

"Ataongea akishaolewa," shangazi alisema.

"Asiongee. Kule Tunduma wanawake wana kelele kuliko injini ya lori. Mimi nataka kimya, nikirudi kazini nimechoka."

"Kazi ya kulala inachosha," baba alisema ndani ya kikombe chake. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Walikula. Jairo alisifu kuku, akasifu ukoo, akasifu barabara, kisha akafungua mfuko wake na kulaza jembe kizingitini. Lilikuwa limefungwa vizuri ndani ya marekani mpya. Shangazi alinipa ishara kwa kidevu. Nilitokea mlango wa jikoni, nikazunguka mpaka mbele ya nyumba. Nikasimama mlangoni, jembe miguuni pangu, na wao mle ndani gizani wakinitazama kama watu wanaongoja ng'ombe aingie zizini.

Niliinama.

Wakati huohuo Danford aliwasha sigara. Alivuta, akapuliza moshi juu kwenye matete, kama mtu ambaye mambo yake yamekwisha. Popo mmoja aliyekuwa amebaki akashindwa kuvumilia. Akatoka kwenye nyasi, akatafuta upenyo wake, akakuta tope la shangazi, akaanza kuzunguka chumbani.

Shangazi alipiga ukelele, akajifunika kichwa kwa kitenge, huku mkono mmoja ukibaki juu ya katoni. Jairo, aliyepatanisha koo zilizokatana mapanga, aliingia chini ya meza na sehemu kubwa ikabaki nje.

"Tulieni!" Danford alisema. "Mimi nimepambana na majambazi Nakonde usiku, nikiwa peke yangu!"

Akavua kiatu kimoja. Pigo la kwanza liliangusha kibuyu cha baba. La pili liliangusha kikombe. La tatu lilimpata popo kwa pembeni, akaanguka karibu na mlango. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini mwanamume wa namna ile hawezi kushinda bila kutazamwa. Alimwinua popo kwa bawa, vidole vitupu, akamning'iniza mbele yetu.

"Huyu ndiye mnamkimbia? Panya aliyevaa koti! Mzee Jairo, toka huko chini, nimeshamkamata simba."

Simba akamwuma kidole.

Nimesikia nguruwe akichinjwa na nimesikia breki za lori likiteremka mlima. Danford alizishinda sauti zote mbili. Alimtupa popo chini, akaruka nyuma kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja usio na kiatu, bugaluu likimpepea, akaanguka juu ya gunia alilokalia baba. Kisha alinyanyuka amekasirika, akashika raizoni yake kama nyundo.

Popo alikuwa chini, pale pale kizingitini. Alijaribu kuinuka. Popo wa namna hii hawezi kuruka kutoka ardhini kama ndege. Lazima awe juu, ajiachie. Alitambaa kwa viwiko, mdomo wazi, bawa moja limekunjika vibaya, akaliegemea jembe.

Mwaka uliotangulia mtoto wa jirani yetu Nesta aliumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa, na bwana mifugo akaja kutusomea mkutanoni. Alisema mnyama yeyote wa porini anayekubali kusogelewa, msimshike kwa mkono mtupu. Tumieni nguo nene. Akishauma, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayopita, muda mrefu, kisha nendeni hospitali mkachomwe sindano msingoje. Wanaume waliokuwa nyuma walicheka, wakauliza sabuni yenyewe itatoka wapi.

Kanga yangu ilikuwa nyembamba, imechakaa mpaka unaona vidole upande wa pili. Nguo nene iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu.

Niliivuta. Jembe likabingirika kutoka ndani yake, likagonga jiwe la kizingiti. Nilimwangushia popo ile marekani, nikamkusanya kutoka pembeni polepole, bila kumbana, mpaka nilipohisi mabawa yamejikunja yenyewe. Alikuwa mwepesi kama ganda la kahawa. Alilia kidogo, akatulia gizani.

Nilipoinua macho niliona hakuna anayemtazama popo. Wote walikuwa wanatazama jembe. Lilikuwa limelala pale uchi, chuma kipya kinang'aa, na nguo yake ilikuwa mikononi mwangu.

"Sekela," shangazi alisema taratibu, kama mtu anayemwita kuku kutoka barabarani. "Rudisha nguo mahali pake, mwanangu."

"Kuna popo ndani, shangazi."

"Mtoe umtupe!"

Sikumtoa. Nilimtazama Danford, kwa sababu damu ilikuwa inatiririka kwenye kidole na yeye alikuwa anainyonya.

"Osha kwa sabuni," nilisema.

"Nini?"

"Kidole. Maji mengi yapite, kwa sabuni. Halafu hospitali, uchomwe sindano. Usinyonye."

Sijui maneno hayo yalitokea wapi. Danford alinicheka, lakini cheko lilitoka nusu.

"Sindano? Mimi? Kwa ajili ya panya huyu?"

"Mtoto wa Nesta naye alisema ni mbwa tu."

Alikoma kunyonya. Aliitazama katoni. Shangazi akaikumbatia.

"Hii haikatwi!" alisema. "Hii ni ya posa! Apake majivu, majivu yanatosha!"

Mkwe aliyemsifu kwa mwezi mzima, sasa shangazi alikuwa tayari kumwacha afe mradi sabuni ibaki kavu. Hapo ndipo nilipowaona wote vizuri.

"Enesi," baba alisema. "Kata sabuni."

Hakupaza sauti. Lakini shangazi hakuwa amezoea kusikia amri kutoka upande ule, akakata. Baba alichukua mtungi, akamwagia Danford maji uani, muda mrefu, akimshika mkono kama anavyoshika kwato ya ng'ombe. Shangazi alisimama kando akiangalia povu likienda kwenye udongo, na machozi yakamlengalenga. Si kwa ajili ya kidole.

Jairo alikuwa ametoka chini ya meza, amejipangusa magoti, amerudisha uso wake wa kazi.

"Jembe limevuliwa nguo," alisema. "Katika maisha yangu sijaona."

"Hiki hapa kitenge changu," shangazi alisema, ameshaanza kujifungua kiunoni. "Lifungwe upya, tuendelee."

"Wewe mama, jembe halivalishwi na upande wa msichana! Mnataka kumposa Danford ninyi?"

Baba alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Jairo alifikiri, akalamba midomo. Kuku alikuwa ameshamla, na asingependa kurudi amefanya kazi nusu. "Lakini sisi ni watu wazima," alisema. "Binti amweke huyo mdudu chini, alifunge jembe kwa nguo ileile, aliinue. Tutasema upepo ulifunua. Nani atajua?"

"Upepo," shangazi aliitikia haraka. "Upepo mkali sana. Sekela, umesikia? Ulikuwa upepo."

Basi mlango ulikuwa wazi bado. Nilihitaji tu kufungua mikono, popo aanguke, Danford amalize kwa kiatu, na mimi niiname mara ya pili. Kwa mazoea yangu ningefanya hivyo.

Danford ndiye aliyenisaidia. Alirudi kutoka uani, kidole kina povu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kwa kuwa soli zile zilikuwa ndefu, alisimama amepinda upande mmoja kama nguzo ya ua iliyoliwa na mchwa.

"Aseme mwenyewe," alisema. "Si amejifunza kuongea leo? Wewe! Unachagua nani, mimi au popo?"

Aliuliza kwa kejeli, akawageukia wengine wacheke. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameanza kuwapima wote wawili.

"Nguo imepata kazi," nilisema.

"Na jembe?"

"Jembe ni lenu."

Nilinyanyua mguu, nikalipita, nikaingia ndani kutafuta kikapu.

Nyuma yangu kulikuwa na kelele nyingi ambazo sitaziandika zote. Shangazi alisema nimemzika mama yangu mara ya pili. Jairo alisema ukoo wetu utajulikana. Danford alisema Tunduma ina wasichana wengi wenye miguu mizuri kuliko yangu, na baba akamjibu, "Basi wahi, baba, kabla na wao hawajaumwa." Walichukua jembe. Walichukua sabuni zote. Danford alinyoosha mkono hata kwa kile kipande kilichokatwa, lakini kilikuwa kimelowa, na shangazi alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

Nilimweka popo ndani ya kikapu cha kuchumia kahawa, kile kilichosukwa kwa kubana, akiwa bado ndani ya nguo yake ili apate mkunjo wa kujishika. Nikafunika juu, nikafunga kwa kamba, nikamweka kwenye kihenge kilichokuwa kitupu, mahali penye giza pasipo paka wala kuku. Niliacha nguo wazi kidogo, nikamwekea maji kwenye kizibo cha chupa. Sikumchungulia kila mara. Mtu aliyepigwa kiatu na watu wazima anahitaji kuachwa. Nilimtazama mara moja tu, kwa kuikunjua nguo kwa kijiti. Bawa halikuwa limevunjika wala kutoboka. Lilikuwa limerudi mahali pake, naye akanifungulia mdomo kwa hasira. Nilifurahi kuona bado ana dharau.

Jua lilipoanza kushuka baba alichukua jembe lake la zamani, lenye mpini mfupi, akapanda juu ya kinu na kuanza kubomoa tope la shangazi. Mapande yalianguka chini mpaka upenyo ukarudi ulivyokuwa.

"Umepoteza kazi yangu ya jana," shangazi alisema.

"Ilikuwa mbaya," baba alisema.

Giza lilipokaribia nilileta kikapu. Nilimshika popo kwa ile marekani, nikapanda kwenye kinu, nikaigandamiza nguo ukutani, juu, karibu na upenyo, kisha nikaifungua upande mmoja. Hakutoka. Mkono wangu ulichoka. Shangazi alikaa kwenye ngazi ya jiko, akatoa sauti ya ulimi.

"Mtu mzima anambembeleza popo. Wenzio saa hizi wanapanda lori kwenda kwa waume zao."

Popo alitoa ukucha wa bawa, akashika udongo. Akatoa na mwingine. Akapanda ukuta kidogo, akageuka kichwa chini, akatetemeka mwili mzima kwa muda. Kisha akajiachia. Alianguka kama kitu kilichokufa, karibu na ardhi kabisa, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa juu ya mikahawa, anayumba upande mmoja, lakini juu.

"Ameondoka hata hajashukuru," shangazi alisema.

"Kama Danford," baba alisema.

Kesho yake nilichemsha ile nguo sufuriani, kwa sababu ilikuwa na mate ya popo. Shangazi hakunisemesha siku nyingi, ila alinifulia gauni langu kwa ile sabuni, mara moja, bila kusema kwa nini. Danford, tulisikia, alikaa Tunduma na kiburi chake mpaka woga ukamzidi, akaenda hospitali akachomwa sindano za kichaa cha mbwa tumboni. Kwa wenzake chini ya malori alieleza kwamba aliumwa na chui wa Itaka. Wanamwamini. Wanastahili.

Marekani nimeishona shati la baba.

Habari zetu zimesambaa, na siku hizi washenga wa huku hawaleti jembe lililofungwa nguo tu. Wanaizungushia nguo waya, wanaukaza kwa koleo, ndipo wanalilaza kizingitini. Juzi Jairo amepita tena, ana mtu wa Nanyala, anasema ni mpole, ana baiskeli. Shangazi amenunua kuku.

Waya si kitu. Koleo la baba linakaa juu ya mlango wa jiko, na ninalifikia bila kupanda kinu.